ZIMWI LISILOKUFA MWISHONI MWA HADITHI

Wapo watu ambao hawaridhiki mpaka wasome habari ya kuwanyima usingizi. Si wagonjwa, wala si waovu. Ni makarani, mafundi, wauguzi na wanafunzi, watu wanaopanda basi pamoja nasi asubuhi na kurudi nasi jioni. Lakini wakishaketi peke yao hawaitaki hadithi ya mapenzi, na hata ile ya upelelezi huwachosha upesi. Wanataka hadithi itakayowafanya wageuke kutazama nyuma wanapokwenda kuzima taa. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi wanaoishi nao nyumba moja bila ya kuwaelewa, naandika makala haya.

Katika miaka ya karibuni kiu ya watu hao imekuwa ikitulizwa na Japani. Hadithi za picha za nchi hiyo, ambazo wenyewe huziita manga, zimeenea duniani, na zile za kutisha zina wapenzi wengi miongoni mwa vijana wetu wa mijini. Huzisoma kwa tafsiri za Kiingereza, wengine vitabuni na wengine katika simu za mkononi. Wengi huanza na mtungaji mmoja aitwaye Junji Ito. Wakimmaliza Ito huuliza swali moja: nisome nini tena kilicho mfano wa hiki? Swali hilo niliulizwa nyumbani kwangu, na jibu lake lilinichukua miezi kadhaa, kwa kuwa haliwezekani kujibiwa kabla ya kujua ni kitu gani hasa anachokitafuta msomaji ndani ya hofu hiyo.

Yafaa kwanza tuseme machache juu ya namna vitabu hivyo vinavyosomwa. Waliomfahamu Chakubanga, yule kikaragosi aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, wamezoea katuni fupi inayochekesha na kukosoa kwa pigo moja. Manga ni jambo jingine. Hadithi moja yaweza kuchukua kurasa mia kadhaa au hata maelfu. Hutolewa vipande vipande katika jarida la kila wiki au kila mwezi, kisha vipande hivyo hukusanywa kuwa juzuu. Husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo lisilomtatiza mtu aliyepitia chuoni na kufundishwa Kurani. Na kwa upande wa hadithi za kutisha, ukurasa wenyewe ni chombo cha kazi. Mchoraji hodari huweka swali katika picha ya mwisho ya ukurasa: mlango umefunguka kidogo, msichana ameinua macho. Jibu liko nyuma ya karatasi, na mkono unaoifunua karatasi hiyo ni wa msomaji mwenyewe. Hapana anayemlazimisha. Hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya hofu hiyo kuwa kali kuliko ya sinema, ambayo hukimbia mbele hata ukifumba macho.

MISHUMAA MIA MOJA

Asidhani mtu kwamba Wajapani walijifunza kutishana jana. Katika zama za Edo, yaani kati ya mwaka 1603 na 1868, ulikuwapo mchezo wa kukutana usiku na kusimulia hadithi 100 za mizuka. Watu waliwasha taa 100, na kila hadithi ilipokwisha, mmoja alikwenda kuizima taa moja. Chumba kikazidi kuwa cheusi kadiri masimulizi yalivyoendelea. Ilisemwa kwamba taa ya mia ikizimwa, kile kilichokuwa kikisimuliwa kitatokea chenyewe. Kwa hiyo wengi walikomea kwenye hadithi ya 99 na kungoja kupambazuke. Mpaka leo hadithi za mizuka huko ni jambo la majira ya joto, kipindi ambacho pia huwakumbuka wafu wao katika siku za Obon.

Katika miaka ya 1930 walikuwapo pia wasimulizi wa mitaani. Walipita kwa baiskeli wakiwa na kisanduku cha picha, wakiwauzia watoto peremende na kuwasimulia hadithi picha baada ya picha. Miongoni mwa hadithi zao ilikuwamo ile ya Kitaro, mtoto aliyezaliwa makaburini. Baada ya vita mtu mmoja aliyeitwa Shigeru Mizuki aliichukua hadithi hiyo na kuifanya yake. Mizuki alizaliwa mwaka 1922, akapelekwa vitani Rabaul, katika visiwa vilivyo karibu na New Guinea, na huko akapoteza mkono wake wa kushoto katika shambulio la ndege. Alirudi kwao na mkono mmoja, akachora kwa mkono huo mpaka uzee wake, akafariki dunia mwaka 2015. Mizimwi yake haichukii watu. Ina njaa, ina wivu, ina vichekesho, na mara nyingi ndiyo inayoonewa. Aliyeona vita kama alivyoviona Mizuki hakuwa na sababu ya kuyaogopa makaburi kuliko mizinga.

FUNDI WA MENO

Junji Ito ni wa kizazi kingine. Alizaliwa mwaka 1963 katika mkoa wa Gifu. Kabla ya kuishi kwa kalamu alikuwa fundi wa kutengeneza meno ya bandia, kazi itakayo jicho kali na mkono usiotetemeka. Na atazamaye jinsi anavyochora unywele mmoja mmoja ataamini habari hiyo bila ya kuapiwa. Mwaka 1987 alipeleka hadithi yake iitwayo Tomie katika shindano la jarida la Halloween, ambalo lilikuwa jarida la hadithi za kutisha kwa ajili ya wasichana. Hakupata nafasi ya kwanza. Alitajwa kwa heshima tu. Lakini Tomie ilichapishwa, na tangu hapo hakurudi nyuma. Mwaka 2021 alipewa nchini Marekani tuzo ya Eisner ya mtungaji na mchoraji bora.

Tomie ni msichana mzuri wa shule ambaye anauawa na wenziwe wa darasani pamoja na mwalimu wao, na mwili wake unakatwa vipande. Baada ya hayo anaingia darasani kama kwamba hapana lililotokea. Kila auawapo hurudi, na kila kipande cha mwili wake huota kuwa Tomie mwingine. Ito ameeleza kwamba wazo hilo lilimjia kutokana na kifo cha mwanafunzi mwenzake aliyepata ajali. Aliona ni ajabu kwamba mtu aliyekuwapo jana leo hayupo, na moyo wake ukawa unangojea kumwona akitokea tena.

Kitabu chake cha pili katika sifa, Uzumaki, kilitolewa kwa mfululizo kati ya mwaka 1998 na 1999. Ni habari za mji mdogo wa Kurouzu ulioingiwa na laana ya umbo: umbo la kujisokota, kama la gamba la konokono au la maji yanayoingia shimoni. Mtu mmoja anaanza kwa kulipenda umbo hilo, akakusanya kila kitu chenye mfano wake, na mwisho mwili wake wenyewe unajisokota. Mkewe analiogopa umbo hilo mpaka anajiumiza ili asiwe nalo hata katika ncha za vidole. Kisha laana inaenea kwenye moshi, nywele, vilima, nyumba. Hapana jini wa kufukuzwa, hapana mganga wa kuitwa, hapana mwuaji wa kukamatwa. Nani atalipiga rungu umbo?

Na iko hadithi yake fupi, The Enigma of Amigara Fault, ambayo yatosha kumpima mtu kama fani hii ni yake au si yake. Tetemeko la ardhi limeupasua mlima, na katika mpasuko yameonekana matundu mengi yenye umbo la binadamu. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuyatazama. Kila mmoja analitambua tundu lililo kipimo chake barabara, anavua nguo, anaingia. Nimeieleza kwa sentensi chache, na hata hivyo nadhani msomaji amekwisha kuhisi kitu.

SWALI LA BIBI

Nyumbani kwangu anaishi binti wa marehemu dada yangu, mwenye umri wa miaka 17. Ndiye aliyeviingiza vitabu hivi katika nyumba yetu, kimoja kimoja, kwa kuazimana na wenziwe. Mwaka uliopita mama yangu alikuja kutuona kutoka kijijini, akakikuta kitabu cha Tomie juu ya meza. Akakifungua. Hasomi Kiingereza, wala picha zile hazikuhitaji Kiingereza.

“Mwanangu,” akaniambia, “katika nyumba hii mnafuga nini?”

Mjukuu wake akaingilia kwa adabu: “Bibi, ni hadithi tu. Hata wewe ulitusimulia habari za zimwi lililomeza kijiji kizima, na mimi nilikuwa na miaka mitano.”

“Zimwi langu lilikuwa likifa, mjukuu wangu,” bibi akasema. “Lilipasuliwa tumbo, watu wakatoka wazima, na mbuzi wao, na kuku wao. Hili lako linakufa lini?”

Binti hakuwa na jibu, na mimi pia. Ni swali zuri kuliko mengi yaliyoandikwa na wahakiki juu ya fani hii. Hadithi ya zimwi ya wazee wetu humchukua mtoto mpaka kwenye shimo la giza, kisha humshika mkono na kumrudisha kwenye moto wa jikoni. Tomie hamrudishi mtu. Uzumaki haumrudishi mtu. Bibi alitaka vitabu hivyo viondolewe nyumbani kabla ya siku yake ya kusafiri, na kwa mtu aliyelea watoto saba halikuwa dai la kubezwa.

Usiku ule nilimwuliza binti anachokipenda katika kitabu kile. Aliinama kwa muda, kisha akasema: “Mjomba, mama alipofariki kila siku nilikuwa naomba arudi. Namna yoyote, hata usiku mmoja. Kitabu hiki kinanionyesha ni kitu gani ambacho kingerudi.”

Basi sikukitoa kitabu nyumbani. Lakini swali la bibi nalo sikulitupa. Nilianza kusoma mwenyewe, nikitafuta hadithi itakayokuwa na hofu ile ile aliyoizoea binti, na ndani yake mtu wa kumshika mkono.

MZEE WA FULANA ZA MISTARI

Niliipata kwa mtu ambaye jina lake lilikuwa juu ya lile shindano la mwaka 1987. Kazuo Umezu alizaliwa mwaka 1936, akaanza kuchapisha mwaka 1955, wakati ambapo wazazi na walimu wa Japani walikuwa katika kampeni kali dhidi ya vitabu vya katuni. Alifariki dunia mwezi wa Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 88. Alikuwa mcheshi, akipenda kuvaa fulana za mistari myekundu na myeupe. Alipojenga nyumba ya rangi hizo hizo mjini Tokyo majirani walimshitaki, na mwaka 2009 mahakama ikaamua kwamba nyumba ibaki na rangi zake. Lakini mcheshi huyo ndiye aliyewafundisha Wajapani kuogopa kitu ambacho hadithi za zamani zilikiacha salama, yaani nyumba ya mtoto mwenyewe. Katika hadithi yake moja ya mwaka 1965 msichana anaanza kutambua kwamba mama anayemwandalia chakula si mama yake, bali ni nyoka aliyevaa sura ya mama.

Kitabu chake ninachokiweka mbele ya vyote ni kile ambacho kwa Kiingereza huitwa The Drifting Classroom, kilichotolewa kwa mfululizo kati ya mwaka 1972 na 1974. Asubuhi moja mvulana wa darasa la sita, Sho, anagombana na mama yake na kuondoka akiapa kwamba hatarudi tena. Saa chache baadaye shule yake nzima inatoweka, na watu 862 waliomo ndani, ikabaki shimo tupu. Wao wanajikuta katika jangwa jeusi lisilo na mti wala ndege. Ni dunia hii hii yetu, miaka mingi mbele, baada ya binadamu kuimaliza. Tukumbuke kwamba hadithi hiyo ilitoka wakati Wajapani wenyewe wakihesabu gharama ya viwanda vyao. Mwaka 1973, hadithi ikiwa bado inaendelea, ndipo mahakama ilipotoa hukumu kwa manufaa ya wagonjwa wa Minamata waliodhurika kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda.

Yatokeayo shuleni humo ni ya kutisha kweli kweli, wala Umezu hamhurumii msomaji kwa sababu ya umri wa watoto wale. Wanaoanguka kwanza ni wakubwa. Walimu wanapoteza akili. Mtu aliyekuwa akileta chakula cha shule anakikamata chakula chote na kukitawala kama mfalme. Watoto wanabaki kujitegemea. Wanapiga kura, wanachagua kiongozi wao, wanagawana kazi na maji. Kuna njaa, kuna tauni, kuna viumbe vya jangwani, na kuna watoto wanaogeukiana. Wengi hufa.

Huku nyuma, katika mji wa wakati wake, mama wa Sho hakubali kwamba mwanawe amekufa. Watu wanamwona amerukwa na akili. Siku moja anaisikia sauti ya mtoto ikimwita kutoka huko aliko, ikiomba kisu. Anakwenda mbio kwenye hoteli moja, anaharibu ukuta wa chumba na kukificha kisu ndani yake. Na huko mbele, miaka mingi baadaye, mtoto anaukuta ukuta ule katika magofu na kukitoa kisu wakati wa shida yake.

Binti alikisoma kitabu hicho kwa muda wa wiki moja na nusu. Bibi yake alikuwa bado hajaondoka. Jioni moja niliwakuta jikoni wakichambua mchele, mjukuu akimsimulia bibi hadithi yote kwa Kiswahili kizuri. Hakuruka tauni wala maiti. Alipofika kwenye kisu, bibi alimkatiza.

“Mama yake alikiona kwamba kimefika?”

“Hakukiona, bibi. Alikiweka tu.”

Bibi akaendelea kuchambua mchele. Baadaye kidogo akasema, “Endelea.” Habari ya kuviondoa vitabu haikutajwa tena, na binti aliandamana naye mpaka kituo cha mabasi siku ya safari yake.

MENGINE YA KUSOMA

Tangu hapo swali la bibi ndilo ninalolitumia kuvipanga vitabu hivi, na kwa mpango huo nawashauri wale waliommaliza Ito.

Anayetaka zimwi linaloshindika, au angalau linalosemezana na watu, na amwendee Mizuki. Hadithi za Kitaro zafaa hata kwa watoto wakubwa. Kitabu chake kiitwacho NonNonBa kinasimulia utoto wake na bibi mmoja mzee aliyemfundisha majina ya mizimwi yote ya kwao. Mwaka 2007 kilipewa tuzo kuu ya kitabu bora katika tamasha la Angoulême nchini Ufaransa. Nimekiweka pembeni kwa ajili ya safari ijayo ya mama yangu.

Anayependa miili inayobadilika, kama ilivyo kwa Ito, ataridhika na Parasyte ya Hitoshi Iwaaki, iliyomalizika mwaka 1995. Viumbe vya kigeni huingia katika vichwa vya watu na kuwavaa. Kimoja kinakosea njia na kubaki katika mkono wa kulia wa kijana, na wawili hao wanalazimika kuishi pamoja. Msomaji ataanza kwa kuogopa mkono ule na kumaliza kwa kuupenda. Lakini aliyefiwa na mama karibuni aingie kwa tahadhari, kwa maana ziko kurasa humo zitakazomgusa hasa.

Anayetaka giza lenyewe atafute Dragon Head ya Minetaro Mochizuki, iliyotolewa kati ya mwaka 1994 na 1999. Wanafunzi wanarudi kutoka matembezi ya shule, na garimoshi lao linafukiwa ndani ya handaki. Wachache wanabaki hai. Hapana mzimwi katika kurasa hizo za mwanzo. Kuna joto, kiu, maiti za wenzao, na kijana mmoja anayeanza kuliabudu giza. Hadithi ikiwa katikati, mwezi wa Januari 1995, tetemeko la ardhi la Kobe liliua watu zaidi ya 6,000. Wasomaji wake wa Japani hawakuhitaji kuambiwa kwamba jambo kama hilo lawezekana.

Mfanyakazi anayesoma kidogo kidogo usiku, ambaye hana nafasi ya juzuu 10, atafurahia vipande vya Masaaki Nakayama viitwavyo Fuan no Tane, maana yake mbegu za wasiwasi. Vingi ni vya kurasa chache tu: mtu anatazama dirishani, kuna uso. Basi, kwisha. Hakuna maelezo. Ni hadithi za aina ya zile tunazosimuliana umeme ukikatika.

Na anayetafuta hofu iliyo nzito kuliko zote asome Blood on the Tracks ya Shuzo Oshimi, iliyotolewa kati ya mwaka 2017 na 2023. Hakuna damu nyingi humo, wala pepo. Kuna mama kijana, mpole, anayempenda mwanawe wa pekee kupita kiasi. Siku ya matembezi ya ukoo mlimani, mtoto anashuhudia mama yake akimsukuma binamu yake gengeni. Baada ya hapo ni nyuso tu, ukurasa baada ya ukurasa: uso wa mama ukitabasamu, uso wa mtoto akijitahidi kuamini tabasamu lile. Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Oshimi anaonyesha maisha ya yule aliyebakizwa. Kitabu hicho ni cha watu wazima, na kwa maoni yangu ni wazazi wanaopaswa kukisoma kabla ya watoto wao, kwa ajili ya nafsi zao.

YASIYOFAA NYUMBANI

Haki inataka nitaje pia upande mwingine. Wapo wachoraji wa Kijapani, kama Suehiro Maruo na Shintaro Kago, ambao wameunganisha ukatili na uchi kwa makusudi. Ustadi wa kalamu zao haukanushiki, lakini kazi zao nyingi ni za watu wazima peke yao, wala hazistahili kuachwa juu ya meza ya familia. Hata Ito mwenyewe si wa mtoto wa shule ya msingi. Wachapishaji wa tafsiri za Kiingereza huandika kwenye jalada umri unaofaa, na mzazi anayenunua na autazame. Anayesoma kwa simu hapati jalada la kumwonya, na kwa hiyo kazi ya jalada inabaki kwetu.

Najua wako wenzetu watakaosema kwamba maisha yana vitisho vya kutosha, ya nini kuvitafuta vitabuni? Hoja hiyo ina uzito. Mtu aliyeuguza, aliyezika, au aliyepunguzwa kazini hahitaji mchoraji wa Gifu kumweleza kwamba ardhi yaweza kupasuka. Lakini nimeona pia kwamba watu wengine hawawezi kulitazama jambo lao likiwa uchi. Huhitaji kulitazama likiwa limevikwa uso wa zimwi. Kijana asiyeweza kusema “nimefiwa” aweza kusema “soma ukurasa huu.” Kumpokonya kitabu ni kumfunga mdomo wakati ndiyo kwanza ameufumbua.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, siku utakapokikuta kitabu kama hicho chini ya mto wa mwanao, usikimbilie kiberiti, wala usikipite kama kwamba hukukiona. Keti. Kifungue kutoka upande wa kulia. Usome kurasa 20, hata kama chakula cha jioni kitakushinda. Kisha mwulize mwanao lile swali la bibi, zimwi hili linakufa lini? Akikwambia kwamba halifi, usiharakishe kumfariji. Mwulize ni nani aliyebaki hai, na ungoje jibu lake.